Dishi la Kwa Wakwe

Mtu akikuambia kwamba Shagdar alikuwa na majivuno, usimbishie, muulize tu majivuno ya nini. Hayakuwa ya ngamia, ingawa kule kwao, jangwa la Govi, alikuwa nao wa kutosha. Hayakuwa ya nguvu pia, maana mgongo ulikwisha kuanza kumlalamikia. Shagdar alijivunia jambo moja tu: hakuna dishi la runinga lililowahi kumshinda. Mafundi wa mjini walikuja na vifaa vyao vya kupimia, vinavyolia kama vifaranga, wakalizunguka dishi nusu siku. Yeye alikuja na ngumi zake mbili, na kabla chai aliyomiminiwa haijapoa, picha imeshatulia. Mahema arobaini na moja ya Govi yalitazama runinga kwa kazi ya mikono yake, na idadi hiyo aliitaja hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

Kwa hiyo asubuhi ya sikukuu ya taifa ya Naadam, mkwe wake Kulpan alipomwambia kwamba dishi lao bado limelala kifudifudi nyuma ya hema, Shagdar hakushtuka hata kidogo. Kusema kweli alifurahi.

"Hilo niachie mimi, dada," alisema, akisogeza bakuli lake la chai lijazwe tena. "Nyinyi tafuteni tu mahali pa kukaa."

"Toleu ndiye huwa analifunga," alisema Kulpan. "Humchukua siku nzima."

"Toleu ni kijana mzuri," alisema Shagdar, kwa sauti ya mtu anayemsamehe mwenzake.

Toleu, mtoto mkubwa wa Kulpan, hakuwepo kujitetea. Familia ilikuwa imehama siku tatu tu zilizopita, kutoka malisho ya masika kuja bonde hili la kiangazi, na hema lilipokwisha kusimama alipanda farasi akaenda kwenye mbio za wilaya. Alimwacha mama yake, na alimwacha mkewe Shinar, mwanamke mcheshi mwenye ulimi usiopumzika. Shagdar mwenyewe alifika jioni ya jana, mvua ikinyesha na giza limeshashuka, baada ya siku tatu za basi na gari chakavu lililonuka petroli mpaka kwenye maandazi.

Hakuja kutembea. Alikuja kwa ajili ya Ninjin, binti yake wa pekee, aliyeolewa hapa kwa Wakazakhi miaka miwili iliyopita. Siku hiyo Ninjin na mumewe Sayat walikuwa mji mkuu, Ulan Bator, ambako Ninjin angelenga shabaha kwa upinde mbele ya taifa zima. Fainali ingeonyeshwa moja kwa moja saa tisa ya mji mkuu, ambayo huku milimani ni saa nane.

Na fainali hiyo ilibeba jambo zito kuliko medali. Sayat alikuwa kitinda mimba, na kwa Wakazakhi kitinda mimba ndiye anayebaki nyumbani na wazazi, na mkewe ndiye anayepokea meko ya mama. Kulpan alikuwa mjane, magoti yamemchoka, na alishatuma habari kwamba ifikapo vuli Ninjin arudi akae naye. Ilikuwa haki yake, hakuna aliyebisha. Lakini timu ya taifa ilimtaka Ninjin abaki mji mkuu miaka miwili zaidi akifanya mazoezi. Ninjin alimpigia baba yake simu, na kwa jinsi alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kila neno, Shagdar alijua kwamba ametoka kulia.

"Baba, nenda ukakae naye siku hiyo," alisema. "Usiniombee ruhusa. Nataka anione tu."

Shagdar aliahidi. Na jana usiku, kabla hata hajavua joho lake lililolowa, Kulpan aliyaweka mambo wazi. "Nimeambiwa mengi juu ya binti yako na upinde wake," alisema. "Kesho nitatazama kwa macho yangu, kisha nitasema neno langu. Nikishalisema, limesemwa."

"Na usipoona?"

"Nisipoona, kitu gani kitanizuia kumwita mke wa mwanangu nyumbani?"

Bondeni humo simu haikushika mtandao. Kilichobaki ni dishi, na Shagdar alilala usingizi mzito wa mtu ambaye jambo lake liko mikononi mwake mwenyewe.

Asubuhi alitoka, akaingiza mguu kwenye buti, na mguu ukazama kwenye unga wa ngano mpaka kifundoni. Ndani ya hema Shinar alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Kwa Wakazakhi wakwe ni watani, na mkwe anayetoka mbali ni bahati iliyojileta yenyewe.

"Pole, mkwe," alisema Shinar, akichungulia. "Panya wa huku wana tabia mbaya."

"Sisi Govi panya wetu hula unga," alisema Shagdar, akikung'uta buti. "Hawaupeleki matembezini."

Nje mawingu yalikuwa yameshuka mpaka mabegani mwa milima. Jua halikuonekana lilipo, mwanga ulitoka pande zote sawasawa. Shagdar hakujali. Alichimbia nguzo hatua kumi mbele ya mlango, akaishindilia mawe, kisha akaning'iniza uzi wenye mfupa wa kifundo cha mguu wa kondoo aone kama imenyooka. Nguzo ikipinda kidogo tu, dishi litakudanganya kila ukilizungusha. Hilo alilijua, na aliihangaikia nguzo ile kwa subira kama anayemvisha bibi harusi.

Halafu akaja kwenye siri yake. Setilaiti imekaa angani upande wa kusini, haiendi popote. Na hema la mtu linaangalia kusini. La baba yake liliangalia kusini, la babu yake pia, na mahema yote arobaini na moja. Mtu aliyezaliwa humo hahitaji dira, anauegemeza mgongo mlangoni na kusini iko puani pake. Kutoka hapo ni kunyoosha mkono tu, kukunja ngumi, na kuhesabu. Govi ni ngumi moja kushoto. Lakini Shagdar hakuwa mjinga, alijua kwamba kadiri unavyokwenda magharibi ndivyo setilaiti inavyozidi kuhamia kushoto kwako. Ndani ya basi alipiga hesabu nyuma ya tikiti, akafuta, akapiga tena, akapata ngumi tatu. Tumpe haki yake: hesabu ile ilikuwa sahihi.

Siri hiyo hakumwambia mtu. Aliamini ikitoka, heshima nayo itatoka. Kwa hiyo Shinar alichoona ni mzee wa watu amesimama wima, mgongo umegusa mlango, jicho moja limefumbwa, anainua ngumi moja, anaipandisha nyingine pembeni yake, anasogeza tena, midomo ikimchezacheza.

"Mama," alinong'ona akiingia ndani, "mkwe anaswali."

"Mwache amalize," alisema Kulpan. "Kila mtu na dini yake."

Shagdar akafunga dishi, akalielekeza ngumi tatu kushoto, akaliinua kimo chake kwa ngumi tatu nyingine juu ya upeo wa macho. Waya ukapitishwa chini ya pazia la hema mpaka kwenye king'amuzi, betri ya sola ikaunganishwa, na Shinar akakaa mlangoni, mwili nusu ndani na nusu nje, kusoma mistari miwili kwenye kioo: wa nguvu na wa ubora.

"Inasemaje?" aliuliza Shagdar.

"Nguvu, arobaini. Ubora, sufuri."

"Nguvu si kitu. Hata ukilielekeza kwa ng'ombe utapata nguvu. Niambie ubora." Akasogeza dishi unywele mmoja. "Sasa?"

"Sufuri."

"Sasa?"

"Sufuri, mkwe. Ile ile, haijabadilika hata sura."

Shagdar akatabasamu. Akasogeza unywele wa upande wa pili. Halafu vidole viwili. Halafu akaacha kutabasamu. Akashuku jicho la dishi, akalifungua, akalipuliza, akalizungusha kidogo ndani ya kishikio chake, akalirudisha. Sufuri. Akashuku waya, akaumenya upya ncha zote mbili kwa kisu. Sufuri. Akashuku king'amuzi, akamwambia Shinar akizime akiwashe. Akakizima, akakiwasha, akasema sufuri kwa sauti ya kuimba.

Kufikia saa sita walikuwa wamefika majirani, wazee wawili na wake zao, wamevaa makoti ya sikukuu, kwa sababu madishi yao yalikuwa bado kwenye magunia. Waliketi ndani wakiitazama runinga iliyokuwa nyeusi, kwa adabu zote, kana kwamba kipindi kimeshaanza.

"Ni mlima ule," alisema Shagdar, akiuelekezea kidole mlima uliosimama mbele ya dishi. "Umekaa njiani kabisa."

"Mwaka jana ulikuwa hapohapo," alisema Kulpan kutoka ndani.

"Basi ni mawingu."

"Mwaka jana nayo yalikuwepo."

Shagdar akarudi kwenye dishi. Wasiwasi wa kazi ameushinda mara nyingi, lakini huu haukuwa wa kazi tena. Alimwona Ninjin amesimama uwanjani, akijua kwamba wakati huo baba yake ameketi na mama mkwe wake, wote wawili wanamtazama, kwa sababu baba alisema watamtazama na baba hasemi uongo. Ikawa saa saba. Akalizungusha dishi huku na huku ovyo, jambo ambalo angemcheka mwingine kwa kulifanya.

"Mkwe, njoo ule," aliita Kulpan.

"Nikimaliza, dada."

"Nyama haimsubiri mtu, na mimi sitaki ikasemwe Govi kwamba nilimfanyisha mkwe kazi kwa njaa. Ingia."

Huwezi kumkatalia mwanamke wa namna hiyo. Shagdar aliingia, akaketishwa mahali pa heshima, mkabala na mlango, kwenye takia nene lililotariziwa pembe za kondoo. Akawekewa kichwa cha kondoo mbele yake, kama inavyompasa mkwe, na bakuli la maziwa ya farasi. Shinar alimshughulikia kuliko ilivyohitajika. Alimpitia nyuma mara tatu kumwekea mto, kuunyoosha mto, kuuondoa mto. Shagdar, mawazo yote nje, hakushuku kitu. Alitafuna sikio la kondoo bila kujua anatafuna nini, akiitazama saa ya ukutani.

Saa saba na nusu Kulpan alitawadha, akafunga kitambaa chake vizuri, akachukua msala. Akaja nao kuelekea pale pale mahali pa heshima, akasimama mbele ya mgeni wake.

"Sogea kidogo, mkwe," alisema. "Nisije nikakusujudia wewe."

Wazee wakacheka ndani ya ndevu. Shagdar akasogea na takia lake, akashangaa kidogo jinsi takia lilivyokuja naye kwa wepesi, kisha akatulia, kwa sababu mtu akiswali wenzake hutulia. Alimtazama Kulpan akiinama na kuinuka, mgongo kwenye mlango, na akili yake, kwa kukosa kazi, ikaanza kuokota vitu vya zamani. Jeshini alikuwa na rafiki Mkazakhi, walilala kitanda cha juu na chini. Yule bwana kila jioni alitandika koti lake nyuma ya bweni na kuswali, na jua la kuzama lilimpiga usoni. Usoni, si mgongoni wala begani. Sasa mama huyu alikuwa anaswali kuelekea kaskazini.

Labda wanawake wana upande wao, aliwaza. Au labda mama wa watu amezeeka, amepotea, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Akamwonea huruma. Kisha akautazama mlango, akamtazama tena Kulpan.

Hakuweza kumkatiza. Kulpan akarukuu, akasujudu, akainuka, hana haraka na mtu. Akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Shagdar akafungua mdomo. Kulpan akachukua tasbihi. Shagdar akafunga mdomo. Punje thelathini na tatu zilipita chini ya kidole gumba moja moja, kisha thelathini na tatu nyingine, kisha nyingine tena, na saa ya ukutani nayo ikaendelea na kazi yake. Mwishoni Kulpan akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili.

"Dada," alisema Shagdar kwa sauti ndogo, "unaswali ukielekea kaskazini?"

"Kaskazini wako Warusi," alisema Kulpan. "Mimi naelekea Makka."

"Na Makka iko wapi?"

"Magharibi, kushoto kidogo. Wewe vipi?"

"Na mlango huu?"

Kulpan alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza maji yana rangi gani. "Mlango uko mashariki, mkwe. Mlango wa mtu unaangalia jua linapotoka. Wa kwako unaangalia wapi?"

Shagdar aliruka. Aliruka kama mtu wa miaka ishirini, akapiga hatua tatu, na takia likamfuata likipigapiga mashavu ya miguu yake, limebeba makombo ya jibini na kijiko. Pindo la joho lake lilikuwa limeshonwa kwenye takia kwa uzi wa ngozi, mshono mzuri wa nguvu, kutoka nyonga hadi nyonga.

Hema zima likaangua kicheko. Mmoja wa wazee ilibidi aweke bakuli lake chini.

"Kata," alisema Shagdar, akijizungusha kutafuta mshono asiouona. "Shinar, mwanangu, kata upesi."

"Mkwe akishashonwa anajikomboa," alisema Shinar, ameshika mkasi nyuma ya mgongo. "Wimbo mmoja. Mzima, usiruke ubeti."

"Sina muda wa wimbo."

"Basi nenda na takia. Limekupenda."

Akaenda na takia. Akafika mlangoni, akauegemeza mgongo, takia likamkalia nyuma kama mkia wa kondoo aliyenona. Kama mlango unaangalia mashariki, aliwaza, basi kusini iko kulia kwangu, ngumi tisa. Toa tatu. Ngumi sita kulia. Asubuhi nzima nilikuwa nikiitafuta setilaiti upande wa Siberia. Akatamani kujipiga kibao, ila mikono ilikuwa na kazi. Akapima ngumi ya kwanza, na kwa kuwa Shinar alikuwa amesimama kando yake na mkasi, akaanza kuimba.

Aliimba wimbo pekee aliokuwa nao kichwani, ule ambao watu wa Govi humwimbia ngamia jike anapomkataa ndama wake, wimbo mrefu wa kubembeleza, sauti zikivutwa na kurudiwa mpaka mnyama alainike moyo ampe mtoto titi. Aliuimba akihesabu ngumi, akauimba akienda kwenye nguzo na takia likiburuzika kwenye nyasi zilizolowa, akauimba akilegeza skrubu. Sauti yake haikuwa mbaya. Wake wa wazee walitoka nje kusikiliza, na mbuzi wawili nao wakaja.

"Ubora?" aliuliza kati ya ubeti na ubeti.

"Sufuri. Imba."

Akaimba. Akalisogeza dishi taratibu kulia, akilishika kwa ncha za vidole.

"Sufuri. Sufuri. Kumi na mbili." Shinar aliinamia kioo. "Mkwe, imesema kumi na mbili."

Shagdar akaacha kupumua, lakini hakuacha kuimba. Unywele mmoja. Unywele mwingine.

"Thelathini. Hamsini na tano. Sabini. Umepita, rudi, rudi. Sabini na nane. Hapo hapo, usitikisike."

Akakaza skrubu moja baada ya nyingine, kwa zamu, ili dishi lisivutwe upande. Kutoka ndani ya hema ilisikika sauti ya mtangazaji, kisha kelele za uwanja uliojaa watu. Shinar akapiga magoti nyuma ya Shagdar, akaukata uzi bila kudai ubeti uliobaki.

Walipoingia ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Kulpan alikuwa amekaa mbele ya wote, miwani usoni. Runinga ilionyesha wanawake wamejipanga na pinde zao, na mbali, mita sitini, safu ya vikopo vidogo vya ngozi chini ardhini. Kando ya shabaha, hatua chache tu, walisimama wanaume kadhaa wenye majoho na kofia.

"Hao nao wanafanya nini hapo?" aliuliza Kulpan.

"Waamuzi," alisema Shagdar. "Wanaangalia mshale umegusa nini. Ukipata, wanainua mikono wanaimba."

"Mishale inakuja wao wamesimama?"

"Ndiyo."

"Hawana watoto nyumbani?"

"Wanawaamini wapigaji, dada."

Kulpan alisogea mbele. Mwanamke mmoja akapiga, akakosa. Mwingine akapata, waamuzi wakainua mikono, wakaimba sauti yao ndefu. Kisha mtangazaji akasafisha koo.

"Anayefuata, kutoka mkoa wa Bayan-Ulgii, wilaya ya Karasai: Ninjin binti Shagdar."

Kwenye kioo Ninjin alipiga hatua mbele, joho la buluu, nywele zimefungwa nyuma, uso mtulivu.

"Amesema Karasai yetu?" aliuliza mzee mmoja.

"Karasai," alisema mwenzake. "Tangu nizaliwe sijaisikia Karasai kwenye runinga isipokuwa imefunikwa na theluji."

Shagdar alisikia, na maneno yalimchoma. Miaka yote aliwaambia watu wa kwao kwamba binti yake ataipigia Govi. Alimchongea upinde wa kwanza kwa mkono wake, akamfundisha kusimama dhidi ya upepo wa Govi. Na sasa hivi, katika mahema arobaini na moja, mbele ya runinga zilizofungwa na yeye mwenyewe, majirani zake wote walikuwa wanasikia kwamba Ninjin ni wa Bayan-Ulgii. Hakumwambia baba yake, na baba aliona ni kwa nini hakumwambia.

Ninjin akavuta. Kulpan akashika magoti yake yote mawili. Mshale wa kwanza uliangusha kikopo cha katikati, waamuzi wakaimba. Wa pili nao wakauimbia. Wa tatu ulipita juu kidogo, ukatimua vumbi karibu na buti la mwamuzi mmoja, ambaye hakusogea, na Ninjin akacheka, akamwinamia kuomba radhi kutoka mita sitini. Wa nne ukapata. Shinar alikuwa ameuma ncha ya kitambaa chake. Mtangazaji alisoma alama: Bayan-Ulgii, nafasi ya tatu.

"Ya tatu ni nzuri?" aliuliza Kulpan, macho bado kwenye kioo.

"Ya tatu katika nchi nzima, dada."

Kulpan akavua miwani. Akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. "Ulijua?" alimuuliza Shagdar.

"Nini?"

"Kwamba atajiandikisha ni wa huku."

"Sikujua," alisema Shagdar. Na kwa kuwa siku hiyo majivuno yake yalikwisha kuburuzwa kwenye nyasi mbele za watu, akaongeza ukweli uliobaki: "Ningejua, ningemkataza."

Kulpan akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Shagdar afike, na alicheka kwa sauti nene kama ya mwanamume. "Nami ningekuwa wewe ningemkataza," alisema. Kisha akageukia meko yake katikati ya hema, akayatazama. "Miezi yote hii namwita arudi nyumbani. Mtu amesimama mbele ya dunia nzima anasema yuko kwetu, na mimi ndiye namwita. Abaki huko miaka yake miwili. Moto huu nauwasha tangu sijazaa, sitashindwa leo. Hilo ndilo neno langu, nimelisema."

Shinar akaanza kupiga makofi, wake wa wazee wakamfuata. Harusi ya Ninjin ilikuwa imefanyika miaka miwili nyuma, naye Shagdar alicheza mpaka akapoteza kofia. Lakini hakuwa amemwozesha siku ile. Alimwozesha sasa hivi, ameketi kwa wakwe na joho lenye nyuzi zinazoning'inia, na machozi yalimtoka mbele ya watu wote bila kuyazuia, na alikuwa na furaha. Kulpan akajaza bakuli la chai, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Kunywa, mkwe," alisema. "Sote tumempata."